Harage la Kopo A Halikufa

Ipo nchi inaitwa Bombwera. Msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Na mkiona inafanana na nchi fulani mnayoijua, hayo ni macho yenu wenyewe, mimi simo. Nasimulia tu nilivyosimuliwa, tena na watu waliokuwa wakigeuka kuangalia nyuma kila wakimaliza sentensi.

Raia wa Bombwera walikuwa na raha isiyo kifani, maana kununa hadharani kulikuwa na kifungo. Rais wao, Mtukufu Gombati, alikuwa na sifa tele, lakini moja ilizipita zote: tangu azaliwe alikuwa hajawahi kuchapwa. Hata kofi. Mkunga aliyempokea aliinua mkono ampige kikofi cha matakoni ili alie, mkono ukagoma hewani, na hapo Mtukufu akalia mwenyewe kwa hiari yake. Ndivyo vitabu vya shule vilivyosema. Kila mwaka taifa liliadhimisha Siku ya Kutoguswa, na kwaya za watoto ziliimba wimbo wenye beti nyingi mpaka basi: hajaguswa na fimbo, hajaguswa na ufito, hajaguswa na ndara ya mamaye. Yeyote aliyethubutu kusema, hata kwa kunong'ona, kwamba Mtukufu aliwahi kuguswa, alihesabiwa kuwa amemkashifu Rais. Sheria ilimpa kiboko mpaka aseme basi, na akishasema basi kiliendelea.

Sasa, katika nchi hiyo alikuwepo mwanamke mmoja anaitwa Sikitu, mwalimu wa sayansi katika Shule ya Sekondari Utiifu. Maabara yake haikuwa na maji bombani wala gesi, na mizani yake ilikuwa na sahani moja. Hata hivyo, majaribio yote yalifaulu. Siri ya Mwalimu Sikitu ilikuwa ileile ya walimu wote wa Bombwera: alikuwa anapika. Jibu likishaletwa na Wizara, yeye hurudi nyuma taratibu akatafuta vipimo vitakavyolifikia, akawaandikia wanafunzi ubaoni, nao wakanakili. Chini kabisa ya kila jaribio waliandika ile sentensi ya lazima: *Nasi tumeona kama alivyoona Mtukufu.* Bila hiyo hupati maksi hata ya huruma.

Wanafunzi wote walinakili vizuri isipokuwa Siwatu. Siwatu alikuwa binti wa kidato cha pili, mwembamba, macho makubwa, mdomo hauna kufuli.

"Mwalimu," aliuliza siku moja, "mbona jibu limefika kabla ya jaribio?"

"We mtoto, nakili."

"Nanakili, mwalimu. Nauliza tu."

"Unauliza ukiwa umekaa karibu na dirisha? Hebu nihurumie mimi mwanamke mwenzio!" Mwalimu Sikitu alilifunga dirisha upesi. Alimpenda yule binti kupita wote, na kwa sababu hiyo alikuwa anamwogopa kupita wote.

Mambo yangeendelea kupikwa hivyo, lakini Mtukufu akaenda mkutano wa marais ng'ambo, akasinzia kidogo, na alipoamka maneno mawili yalikuwa yamemganda sikioni: fikra tunduizi. Aliporudi alitaka kujua kwa nini wenzake wanazo na yeye hana. Waziri wa Akili na Vipimo, Daktari Njechele, mtu mnene mwenye sauti ya kipaza sauti hata akiwa chooni, akakimbilia redioni.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Fikra tunduizi ni kuhoji! Kuanzia leo kila mwanafunzi atahoji! Atahoji kwa vitendo, ndani ya maabara, kwa majaribio! Maswali ya kuhoji yamekwisha kuandaliwa na Wizara na majibu yake yamekwisha kupitishwa. Atakayekutwa hahoji atachapwa! Atakayehoji mengine atakiona cha mtema kuni!"

Likaja Jaribio la Taifa. Mtukufu mwenyewe ndiye aliyelitunga, kwa sababu tangu zamani aliamini kiboko hukuza akili. Alikuwa ameona kuruta akichapwa huwa mwepesi wa kujibu "ndiyo". Lakini kwanza lifanyike kwa maharage. Kila maabara ya shule ilipewa makopo mawili yenye udongo na maharage. Kopo A lichapwe asubuhi na jioni. Kopo B lisiguswe. Maji sawa, jua sawa. La A litastawi, la B litadhoofu. Ndivyo alivyoona Mtukufu, na nchi nzima ilikuwa inasubiri kuona kama alivyoona.

Utiifu waliletewa askari wa kuchapa, Koplo mmoja mwenye mkono mzito. Alijipanga mbele ya kopo, akavua kofia, akaanza. Weee! Siku ya kwanza udongo uliruka mpaka kwenye dari. Miche ilipochomoza akaicharaza kama wezi wa kuku. "Ota!" alifoka. "Ota haraka, mshenzi wewe!" Majani yalichanika, mashina yakavunjika, na mwisho harage likalala chini, jeusi, halina hata cha kuchapwa. Kopo B pembeni lilikuwa limepanda mpaka linatafuta pa kuegemea.

Mwalimu Sikitu alitazama makopo yale. Akapiga hesabu zake za upishi akaona hapa pana njia moja tu: abadilishe vibandiko. A iwe B na B iwe A. Akafanya hivyo kabla ya kengele.

Lakini katika maabara ya jirani, hapohapo shuleni, kulikuwa na Mwalimu Lugongo, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, ambaye kule chuoni walisahau kumfundisha kupika. Lugongo aliwafundisha wanafunzi wake, na Siwatu aliyekuwa akijipenyeza mlangoni kusikiliza, mambo ya ajabu: angalia kwanza, ndipo useme; badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilevile; na kilichotokea ndicho kilichotokea, hata kama kimekuudhi. Basi yeye akapeleka taarifa ya maneno machache: harage la Kopo A limekufa.

Walimfuata mchana kweupe, mbele ya gwaride. Kamanda Bulugu, mkuu wa Kikosi cha Fikra, alimfunga mwenyewe kwenye mlingoti wa bendera. Kamanda Bulugu hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Alikuwa mtu wa kutii. Alikuwa na kiboko cha ngozi halisi ya kiboko, alichokipaka mafuta ya nazi mengi kuliko alivyompaka mwanawe.

"Umeona nini?" aliuliza.

"Limekufa, afande."

Kiboko kikashuka. Shati la Lugongo lilichanika, kisha ngozi, kisha kilichokuwa chini ya ngozi. Kila akiulizwa alijibu vilevile, sauti ikizidi kuwa ndogo, mpaka ikawa midomo inacheza tu. Kisha ikaacha kucheza. Wanafunzi waliamriwa kupiga makofi, wakapiga. Siwatu alisimama mstari wa mbele, damu ikiwa imemrukia kwenye soksi nyeupe, na Mwalimu Sikitu alimbana mkono kwa nguvu ili asije akafungua mdomo. Jioni ile Sikitu alilia mpaka akatapika.

Redioni Daktari Njechele alitoa ufafanuzi wa kisayansi. "Harage la Kopo A halikufa! Halikuchapwa vya kutosha! Na kuhusu yule mwalimu, naye hakufa. Hakuchapwa vya kutosha!"

Mwalimu Lugongo akazikwa akiwa hajachapwa vya kutosha.

Baada ya maharage wakafuata watu. Wanafunzi wa Utiifu waligawanywa: Mkondo A wanachapwa kabla ya vipindi, Mkondo B hawaguswi, kisha wote wanapewa mtihani mmoja. Siwatu aliangukia Mkondo A, au aliangushwa, maana jina lake lilikuwa limekwisha kufika mahali. Kila asubuhi Mwalimu Sikitu alikuwa anaandika ubaoni huku akisikia milio kutoka uwanjani, na kila asubuhi Mkondo A waliingia darasani wakitembea magoti yamekunjwa, hawawezi kukaa, vidole vimevimba hata kalamu haishikiki. Mtihani ulipokuja walifeli vibaya. Wengine walisahau majina yao.

Mkuu wa Shule, Bwana Chogero, alipoyaona matokeo alipiga magoti kwenye sakafu ya ofisi. "Mwalimu Sikitu," alisema, "mimi nina watoto wadogo. Yapike haya."

Sikitu akayapika. Maksi za B akazihamishia A, za A akazipeleka B. Alijiambia anamwokoa Siwatu, kwamba serikali ikisharidhika itaacha kuchapa. Loh! Pole yake. Serikali iliyoridhika ndiyo iliyozidi kuchapa. Wizara ilishangilia, na Bunge likapitisha sheria siku hiyohiyo: kwa kuwa sayansi ya Utiifu imethibitisha kuwa kiboko hukuza akili, na asiyechapwa akili yake husinyaa, basi kila mtu nchini ambaye hajawahi kuchapwa atachapwa papo hapo atakapotambulika, bila kujali cheo. Kamanda Bulugu aliikariri sheria ile neno kwa neno. Alipenda sana hapo penye "papo hapo".

Ndipo Mtukufu akaamua kufika Utiifu kujionea mwenyewe chimbuko la sayansi ya taifa. Na aliyepangwa kumsomea taarifa, kwa kuwa kwa maksi zile mpya ndiye aliyekuwa wa kwanza nchini, alikuwa Siwatu.

"Mwanangu," Mwalimu Sikitu alimsihi wakiwa wawili maabara, "utasoma kilichoandikwa. Utamalizia na ile sentensi. Utarudi kukaa. Umenisikia? Nimemwona Lugongo pale mlingotini, sitaki nikuone wewe."

"Nimekusikia, mwalimu."

"Niahidi."

Siwatu aliutazama mgongo wa mkono wake uliovimba. "Mwalimu, zile maksi za kwanza nchini, nilizipata wapi? Maana siku ile kalamu ilinidondoka, sikuandika kitu."

Sikitu alimrekebishia kola ya shati, akamwambia akanywe chai.

Siku ilipofika, uwanja ulipambwa mpaka miti ikapakwa chokaa. Mtukufu Gombati aliketi kwenye kiti kirefu chini ya turubai, mashavu laini, mikono laini, mtu mzima asiye na kovu hata la ndui. Nyuma yake Kamanda Bulugu na kikosi chake, viboko vikimeremeta mafuta. Pembeni kwaya ya watoto, walioamriwa kwamba wakisikia tu neno "kuguswa" wauanze wimbo bila kungoja ishara, na asiyeanza atajuta.

Siwatu alisimama mbele ya meza yenye makopo mawili. Alisoma taarifa yote bila kukosea. Alisoma kwa sauti nzuri, Waziri akawa anatikisa kichwa kwa raha. Akafika kwenye sentensi ya mwisho.

"Nasi tumeona kama..." Akalitazama Kopo A, lililojaa udongo mkavu na kishina cheusi, maana yaliyoletwa mezani yalikuwa makopo ya Lugongo, na Wizara ilikuwa imesahau kuyabadilisha vibandiko. "Hapana," alisema. "Mimi nimeona harage limekufa. Liko hapa. Yeyote anaweza kusogea aangalie."

Hakuna aliyesogea. Mtukufu alibadilika rangi.

"Mchapeni," alisema polepole, "mpaka aone."

Kamanda akapiga hatua. Kiboko cha kwanza kilimshukia binti mabegani akaanguka juu ya meza, makopo yakabingirika. Cha pili kilimchana shati la shule. Alipiga yowe moja. Kiboko kikapanda tena, na Sikitu, mwanamke aliyeogopa mpaka madirisha, akajikuta yuko katikati ya uwanja na miguu haina habari imefikaje.

"Kamanda, simama!" alipiga kelele. "Unavunja sheria!"

Neno "sheria" lilimsimamisha Bulugu mkono ukiwa juu. Hakuna neno jingine ambalo lingeweza.

"Sheria gani, mama?"

Sikitu hakuwa na kitu mkononi isipokuwa uongo wake mwenyewe alioupika, basi akaushika huohuo. "Mimi ndiye mwalimu wa sayansi hapa. Jaribio ni langu. Mtoto huyu ni wa Mkondo A, ameshachapwa, akili yake imeshakua kwa mujibu wa serikali. Atakayesema hana akili anaipinga sayansi ya Mtukufu. Si ndivyo, Mheshimiwa Waziri?"

Daktari Njechele alijikuta ametikisa kichwa kukubali kabla hajafikiri. Ilikuwa mazoea.

"Sheria inasema achapwe nani, Kamanda?" Sikitu aliuliza. "Nisomee, mimi nimesahau."

Kamanda alikaza shingo akakariri: "Kila mtu ambaye hajawahi kuchapwa atachapwa papo hapo atakapotambulika, bila kujali cheo."

"Haya. Katika uwanja huu wote, ni nani hajawahi kuguswa?"

Jamani, lile neno! Kwaya ilisikia neno lake ikalipuka. *Hajaguswa na fimbo! Hajaguswa na ufito! Hajaguswa na ndara ya mamaye!* Watoto waliimba kwa nguvu zao zote, beti baada ya beti, mikono yote midogo imemwelekea Mtukufu kama walivyofundishwa. Walipofika ubeti wa mkunga, Kamanda Bulugu alikuwa amegeuka taratibu, machozi yanamlengalenga. Miaka yote aliimba wimbo ule na hakuwahi kuusikiliza.

"Mtukufu," alisema kwa huzuni, "kumbe akili yako inasinyaa na sisi tunaangalia tu."

"Unanitazama nini, wewe?" Mtukufu aliinuka. "Rudi nyuma!"

"Papo hapo, Mtukufu. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nilishachapwa!" Mtukufu alipayuka. "Mama yangu alinichapa! Alinichapa kila Jumamosi, muulizeni! Alinichapa na ndara, na mwiko, na..."

Uwanja mzima ukapigwa na butwaa. Kamanda aliziba masikio kwa viganja, lakini alikuwa ameshasikia. "Mtukufu," alisema, "hapo umemkashifu Rais."

Sasa sheria zikawa mbili, na zote zilikuwa zinaelekea kiti kimoja. Walimshusha kwa heshima zote. Wakampigia saluti. Wakamfunga kwenye mlingoti, bendera ikipepea, Bulugu akampangusa jasho usoni kwa leso yake mwenyewe.

"Utanisamehe, Mtukufu. Ni kwa ajili ya akili yako."

Akampiga kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi. Suti ilichanika, ile ngozi laini ikafunguka, damu ikarukia chokaa ya miti. Askari walisukumana kugombea zamu, asije mtu akaonekana hajali akili ya Rais. Waliokosa nafasi wakaanza kuwageukia makatibu wakuu na wakurugenzi waliokuwa wamekaa viti vya mbele, maana na wao nani alijua kama walishachapwa? Viti vilivunjwa vichwani. Bwana Chogero, aliyejaribu kukimbia, alikanyagwa akavunjika mkono. Mkurugenzi mmoja alionekana akimchapa mwenzake huku mwenzake akimchapa yeye, wote wakilia kwamba wameshachapwa. Katikati ya vumbi hilo Mtukufu alisema basi. Kamanda alimtazama Waziri.

"Inatosha, Mheshimiwa?"

Daktari Njechele alikitazama kile kiti kirefu kilichokuwa kitupu.

"Bado," alisema.

Sikitu hakukaa kuangalia. Alimbeba Siwatu mgongoni, mzito kuliko alivyodhania, akapita naye kwenye ua nyuma ya maabara mpaka zahanati, huku damu ya binti ikimwingia shingoni na yeye akirudiarudia, "Usilale, mwanangu, niongeleshe. Niulize chochote. Niulize." Siwatu aliuliza kama kuna mtu ameliokota Kopo B.

Taarifa ya habari redioni ilikuwa fupi. Mtukufu Gombati hakufa, ilisema. Hakuchapwa vya kutosha. Baada ya hapo ukapigwa muziki wa maombolezo, na baada ya muziki akazungumza Rais mpya, Mtukufu Daktari Njechele.

Siwatu alirudi shuleni mgongo ukiwa na makovu ambayo hayatatoka. Kamanda Bulugu alipandishwa cheo. Viboko vilikusanywa na kuchomwa uwanjani, watu wakacheza ngoma, wakadhani yamekwisha. Kisha likafika gari la Wizara, likashusha mbele ya maabara pipa kubwa la maji, makopo mawili ya maharage, na askari mmoja. Rais mpya alikuwa amegundua kwamba kiboko kilikuwa upotofu wa utawala uliopita. Kinachokuza akili ni kuzamishwa kichwa majini mpaka uone nyota. Harage la Kopo A litazamishwa asubuhi na jioni, kisha watafuata wanafunzi. Jibu lilikuwa limeambatanishwa.

Darasa lilikuwa linalitazama pipa. Askari alikuwa anakunja mikono ya shati. Siwatu akanyoosha mkono, taratibu, kwa sababu ya makovu.

"Mwalimu, na huyu Mtukufu mpya, yeye alishazamishwa?"

Askari aligeuka. Wanafunzi wote wakainamisha vichwa. Mwalimu Sikitu alikwenda mpaka dirishani, na kwa mazoea mkono ukashika kitasa. Akalisukuma dirisha, likafunguka wazi mpaka likagonga ukuta wa nje, akarudi ubaoni, akachukua chaki.

"Rudia swali lako, mwanangu," alisema, "kwa sauti. Nataka kuliandika."